Watoto Kumi, Wote Wazima

Siku tatu baada ya kumzika Mama Neema, binti yake aliniuliza swali lilelile aliloulizwa na daktari. Mama alikuwa anatumia dawa gani? Tulikuwa tumekaa katika chumba alichopanga marehemu mtaa wa Biwi, Lilongwe, mimi kitandani, Neema kwenye kile kiti cha cherehani ambacho mguu wake mmoja umefungwa mpira wa baiskeli, na uani wanawake wa kanisa walikuwa wakisonga nsima, ugali wa Malawi, ya matanga huku wakibishana kama maharage yametiwa chumvi mara mbili. Daktari alisema ni presha, na si presha ya jana. Alitaka kuona pasipoti ya afya, kile kitabu kidogo ambacho kila mtu Malawi hubeba akienda hospitali, wakamwandikia humo ugonjwa wake na dawa zake. Cha Mama Neema kilikuwa safi. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na maandishi, habari ya jino alilong'olewa. Kila Jumapili Neema alimpigia simu kutoka Uskoti, kila Jumapili akamwuliza afya, na kila Jumapili akajibiwa, "Mi niko muzima, mutoto yangu. Uliza ya bengine." Alikuwa anangoja karatasi za kumfuata binti yake huko. Alikuwa mzima tu mpaka asubuhi alipoanguka kando ya cherehani.

Nilimpenda yule mama kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu, lakini nikitakiwa kusema kweli, kitu cha kwanza nilichohisi mbele ya jeneza hakikuwa huzuni. Kilikuwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye, tena kwa kuchelewa, kama mgeni aliyepotea njia. Hasira ile naifahamu vizuri kwa sababu si mpya. Niliipata katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mwaka wa tisini na sita, nikiwa na miaka ishirini, na kwa muda wote huu nilidhani imeshakwisha.

Jinsi tulivyofika Dzaleka si habari ya sura hii, na waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa najua Kiingereza kidogo, na kidogo hicho kilinipa kazi. Kanisa moja la Lilongwe lilikuwa na marafiki Uskoti, na marafiki hao wakapata wazo la kuwachukua watoto kumi wa kambi yetu wakakae nao majuma manne, mwezi wa saba, katika nyumba kubwa ya mapumziko kando ya ziwa. Wenyewe waliiita kambi ya kiangazi. Wazazi wetu hawakuelewa kwa nini mtoto atolewe kambi apelekwe kambi, wala kiangazi gani hicho cha mwezi wa saba, wakati sisi huku wilaya ya Dowa tunatetemeka na kuvaa sweta mbilimbili. Lakini waliposikia neno ndege walikubali kila kitu. Ofisi ya kanisa ilikuwa nyumba ya kawaida katika mtaa wa Area 18, na kilichokuwa chumba cha kulia chakula ndicho kilichokuwa chumba cha Sista Chisomo, muuguzi mstaafu, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi wa viatu. Huyo ndiye aliyenikabidhi fomu kumi. Kila moja ilikuwa na kurasa kumi na moja, na saba kati ya hizo zilikuwa za afya.

Mpaka leo nikizikumbuka fomu zile meno yananiuma. Mtoto ana pumu? Ana kifafa? Anakojoa kitandani? Mzio wa njugu, wa mayai, wa nyuki? Weka alama kwenye Ndiyo au Hapana. Halafu ukurasa wa dawa, na hapo ndipo mtu aliyeutunga alionyesha kwamba hajawahi kupanga foleni katika zahanati yetu. Dawa yoyote, hata ya kichwa, iwe katika boksi lake la asili, na juu yake karatasi ya mfamasia yenye jina la mtoto na kipimo. Iwe ya siku ishirini na nane na akiba ya siku saba. Mtoto asijiwekee dawa mwenyewe. Zote akabidhiwe muuguzi siku ya kufika. Nilizipeleka sheria hizi kwa mgawa dawa wa zahanati ya kambi, kijana mwenye heshima zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha boksi la asili. Lilikuwa kopo la vidonge elfu moja. Yeye alikuwa akihesabu vidonge kwa kisu cha mkate na kuvifunga katika vipande vya daftari, vya majuma mawili, akachora jua kama ni vya asubuhi na mwezi kama ni vya jioni. "Mwambie huyo muuguzi wao," alisema, "kama anataka boksi, mtoto asafiri na kopo." Nilikwenda Lilongwe kwa matola, zile pikapu za kubeba abiria nyuma, nikazunguka maduka ya dawa matatu kuomba karatasi za jina. Wote walinijibu kwamba hawawezi kuandika jina juu ya dawa ambayo hawakuiuza. Nilirudi na vumbi kichwani na mikono mitupu.

Sista Chisomo hakushtuka. Alinimiminia chai, akakata mkate akapaka siagi ya karanga, akasema, "Zawadi, usihangaike na maboksi. Niletee majina ya wagonjwa tu, barua nitaandika mimi. Mtoto mgonjwa hatumkatai. Mtoto tusiyemjua ndiye anayetutisha." Nilikula mkate wake, nikasema zikomo, yaani asante, nikarudi Dzaleka kuwaeleza wazazi maneno hayo, neno kwa neno. Walicheka. Walicheka kwa adabu, lakini walicheka.

Fomu tulizijazia kwa Mama Neema kwa kuwa ndiye aliyekuwa na meza. Chumba chake kilikuwa katika zile nyumba za matofali zilizokuwa za wafungwa zamani, kimegawanywa kwa pazia la turubai la plastiki. Upande huu cherehani na wateja, upande ule kitanda, masanduku na Neema. Palinukia mafuta ya cherehani na sombe, kisamvu chetu. Alishona sare, magauni ya kwaya, na kila kilichopasuka kambini, na alikuwa fundi ambaye ukitazama kazi yake huoni sindano ilipopita. Wazazi waliingia mmoja mmoja, wakaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Niliuliza, wakajibu. Pumu? Hapana. Kifafa? Hapana. Malaria? Hapana. Nilimuuliza baba mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa amelala zahanati juma zima lililopita, kama mtoto amewahi kulazwa. Akanitazama machoni bila kupepesa. "Hapana." Niliweka kalamu chini nikamwambia nilimwona mwenyewe. "Ulimuona," alisema, "lakini fomu haikumuona."

Nisiwaonee. Walikuwa na sababu, na kila mtu aliijua. Mwaka uliotangulia familia moja ilikuwa tayari kwenda kuishi ng'ambo, imeshagawa masufuria, imeshaagwa kwa maombi, kisha picha ya kifua ya mama mwenye nyumba ikaonyesha doa. Wakabaki, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba masufuria yao warudishiwe. Tangu hapo Dzaleka ilijifunza kwamba karatasi inayouliza ugonjwa ni chekecheke. Kuna aliyekwenda kinyume nao wote, naye alikuwa Baba Ramazani, mfanyabiashara kutoka mji wa Kindu aliyeuza chumvi na sabuni karibu na msikiti. Yeye alisikia kwamba Ulaya kuna madaktari, akaona heri mwanawe Idi atibiwe kila kitu kwa safari moja. Alinitajia magonjwa tisa. "Andika pumu. Andika macho. Andika tumbo, na meno haya ya nyuma. Andika kwamba anaota anaanguka." Nilimwambia ndoto si ugonjwa. "Wewe unajuaje?" akauliza. "Andika, binti yangu, wao watachagua." Alipotoka, Mama Neema aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Ule baba ni mujinga," alisema. "Ule mutoto hatapanda ndeke." Hivyo nikawa na watoto kumi, tisa wazima kabisa, na mmoja aliyekuwa na maradhi ya mji mzima.

Fomu ya Neema niliiacha ya mwisho. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye maswali mengi, na mwezi wa sita nilimwona kwa macho yangu akianguka bombani. Ndoo ilibingirika, macho yakageuka, miguu ikapiga matope. Foleni nzima ilirudi nyuma, maana watu waliamini povu la mwenye kifafa likikugusa nawe umekipata. Mama yake alikuja mbio, akamfunika kwa kitenge, akawaambia watu waliosimama, "Njala. Ni njala tu, hakukula asubui." Njaa gani ya kumng'ata mtu ulimi? Lakini hakuna aliyebisha. Basi siku ya fomu tulikuwa wawili tu, na kati yetu sahani ya ugali na samaki wadogo wakavu aliowakaanga kwa nyanya. Nilisoma swali la kifafa polepole.

"Hapana," alisema.

"Mama Neema, mimi nilikuwa bombani."

"Najua ulikuwa. Andika hapana."

"Sista anasema hawamkatai mtoto."

"Banasema vile. Na bale ba masufuria, balibaambia nini? Zawadi, mi niko na huyu tu. Hapa akianguka bantu banamukimbia. Aende kule mwezi moja, bamuone sawa batoto bengine. Mwezi moja tu. Unanikatalia mwezi moja?"

Sikuandika siku ile. Nilichukua fomu, nikasema nitafikiri. Kesho yake alasiri nilirudi kuchukua sketi yangu, nikamkuta hayupo mezani. Yeye na Neema walikuwa nyuma ya turubai, na turubai halizuii sauti. "Kila mangaribi," mama alikuwa akisema, "ukimaliza kusali unaingia ku choo. Unakata uzi moja hapa, unatoa kidonge moja, unameza na mate. Usiombe mayi, bataanza kuuliza." Neema akauliza, "Na kama banaona minakata nguo?" "Unasema pindo ilifumuka, unarekebisha. We si mutoto ya fundi?" Nilielewa papo hapo. Alikuwa ameshona vidonge vya kifafa, vile tulivyoviita feno, ndani ya pindo la gauni, kimoja kimoja, kila kimoja na kifuko chake, ili asiwepo muuguzi wala afisa wa uwanja wa ndege wa kuvikuta. Nilisimama pale nimeshika kiti. Nilipaswa kukohoa, kuinua lile turubai, kusema acha upuuzi huu. Badala yake nilitoka nikaketi juani, nikaitoa fomu kwenye mfuko, nikaweka alama kwenye Hapana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Huruma ilikuwepo. Lakini sababu kubwa ni kwamba hata mimi sikumwamini Sista Chisomo. Nilikula mkate wake, nikayahubiri maneno yake kambi nzima, na moyoni nilikuwa nacheka pamoja na wazazi.

Waliondoka, kwa kelele na machozi. Gauni la Neema lilikuwa la bluu, na Mama Neema alilisawazisha mara tatu kabla binti hajapanda gari. Siku ya nne nilikuwa Area 18 nikipanga majalada ofisini, simu ikalia. Sista alisikiliza. Akaniangalia. Akavuta jalada la Neema, akafungua ukurasa wa afya, akaweka kidole. "Mwandiko huu ni wako?" Nikasema ni wangu. "Mtoto ameanguka mezani wakati wa chai ya asubuhi. Anatulia, inarudi. Anatulia, inarudi. Wanauliza amezoea dawa gani, na hapa umeandika hana ugonjwa." Mkono wake mwingine ulikuwa umeziba simu. Nakumbuka bakuli la biskuti mezani, na nzi mmoja juu yake, na nakumbuka kwamba hata wakati huo, Mungu anisamehe, niliwaza Mama Neema atasema nini. Kisha nikasema. Feno, kidonge kimoja jioni, viko katika pindo la gauni la bluu.

"Katika nini?"

"Katika pindo, Sista. Vimeshonwa."

Alitafsiri. Upande wa pili sauti ya mwanamke ikasema maneno marefu, na Sista akafumba macho. Siku ya kufika walikuwa wamekusanya nguo zote za watoto wakazitia katika mashine ya kufulia, kwa nia njema kabisa. Gauni lilitoka na madoa meupe chini, nao wakadhani ni chaki ya fundi. Neema alikuwa hajameza kitu siku tatu na hakuthubutu kusema, kwa sababu alikuwa ameagizwa asiseme, naye alikuwa mtoto mtiifu. Walimpeleka hospitali wakiwa na jina la dawa. Akapona. Sista aliweka simu chini, akavua miwani, hakunigombeza. Laiti angenigombeza. "Huyo Idi wa magonjwa tisa," alisema, "nilimwandikia barua ya mistari miwili. Amekabidhi dawa yake ya pumu, anaogelea. Neema naye ningemwandikia mistari miwili." Baadaye kidogo, akiwa ameshika penseli, akaniuliza zahanati hutoa vidonge vingapi. Nikasema vya majuma mawili. "Basi vile vya mwezi mzima alivitoa wapi?" Jibu likaja lenyewe. Mama alikuwa amempa mtoto nusu nusu tangu mwezi wa tano ili nusu nyingine zitimize safari. Ndiyo maana Neema alianguka bombani. Tangu siku hiyo Sista hakunipa tena fomu ya kujaza. Nilichemsha chai mpaka mwisho wa mwaka, na nilistahili.

Neema alirudi amenenepa, na boksi jeupe lenye jina lake limeandikwa kwa mashine. Baba Ramazani alipita kumpa pole mama, akatabasamu mno kwa mtu anayetoa pole. Mama Neema aliliweka boksi kwenye rafu, akaligeuza jina litazame ukuta. Mimi alinikaribisha, akanipakulia, akanipa kipande kikubwa cha samaki, kisha akanifokea nikiwa na chakula mdomoni.

"Mi nilikuamini, Zawadi. Siri ya mutoto wangu umeitoa ku telefone!"

"Mama, Neema alikuwa anakufa!"

"Hakukufa. Shida ilikuwa kufua. Nani alibaambia bafue nguo safi? Bangeiacha ile nguo, hakuna mutu angejua."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Miezi ya taabu, mtoto kitandani ng'ambo, na somo aliloondoka nalo mwanamke yule, mwenye akili kuliko wengi kambini, lilikuwa kwamba Waskoti wanafua mno. Niliondoka bila kunawa mikono. Tulinuniana mpaka mvua za kwanza, kisha tukasahau, au nilidhani tumesahau. Neema alikua, akapata nafasi ya kusoma kulekule, akawa muuguzi. Anameza dawa yake mezani mbele ya watu wote, boksi likiwa limesimama kando ya kikombe.

Siku ya kumaliza matanga tuligawa nguo. Wanawake wa kanisa walizitandika kwenye mkeka, vitenge huku, blauzi kule, kila mmoja akijifanya hana haja na kitu. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya mfuko wa plastiki, mlikuwa na gauni jipya refu la kitenge lenye bitana, lililoshonwa kwa ajili ya ndege. Neema alisema apewe mama mkubwa, dada wa marehemu. Mimi ndiye niliyelishika ili kulikunja, na nikahisi chini kuna uzito usio wa kitambaa. Nilipitisha vidole pindoni. Nilimpa Neema ile sehemu aishike. Alishika, akaketi sakafuni palepale, akanyoosha mkono kuomba mkasi.

Tulifumua sisi wawili, na wanawake wale wakatoka nje bila kuambiwa. Vidonge vya presha vilikuwa vimepangwa kila kimoja katika kifuko chake, safu mbili kuzunguka pindo lote, kazi safi, huoni sindano ilipopita. Hospitali hutoa vya mwezi mmoja kwa wakati, na lazima alikuwa na kitabu cha pili cha afya alichomficha kila mtu. Neema alivihesabu kwenye kiganja, kisha kwenye sahani, akapata vya miezi mitatu. Leo alimeza, kesho alishona, ili akifika kwa binti yake awe na vya kutosha, na daktari wa safari amkute mzima. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwamsha nimgombeze vizuri. Neema alikuwa ameinamisha uso kwenye lile gauni, nikadhani analia, kumbe alikuwa analinusa.

"Dada Zawadi," alisema, "haina harufu ya sabuni."

Nililigeuza mwangani. Mistari ya chaki ya kupimia ilikuwa bado ipo juu ya kitambaa, yote. Alikuwa amehakikisha haligusi maji.